Makofi Nyuma ya Mlango wa Stoo

"Apigaye kwa mkono wa jana hushinda jana." Naona mmeisikia mkaicheka. Haya, chekeni, lakini mkitaka kujua chimbuko lake tulieni kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Pale Tukuyu palikuwa na bingwa wa pool aliyeitwa Lutengano. Mchezo ndio uliokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na miwili, na kila mwaka hakukosa timu ya mkoa. Meza ya klabu yake ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Mgeni akiicheza, atakoma! Lutengano alilenga upana wa kidole kimoja kulia, mpira ukapinda wenyewe hadi kwenye kona. Alizoea mpaka akawa hajui tena kama anafanya hivyo.

Kisha ikaletwa meza mpya, imenyooka, kitambaa chake kinateleza. Ile ya zamani ikafungiwa stoo bila mpira hata mmoja. Kanuni nazo zikabadilika. Zamani mpira ukiingia popote ni halali yako. Sasa sharti utaje shimo kabla ya kupiga.

Asubuhi moja ya ukungu, Lutengano akiwa peke yake, alitaja kona ya kushoto akapiga. Mpira uligonga ukingo ukarudi. Papo hapo akasikia kutoka stoo: ko! Mpira umetumbukia.

Akafungua mlango. Meza tupu, vumbi juu yake. Akarudi, akapiga tena, akakosa tena, na kule stoo, ko! Lakini moyo wa binadamu, jamani! Badala ya kukimbia, alifarijika: kumbe kwenye meza yake ya zamani mpira bado unaingia. Haikupita wiki akawa hatazami tena mpira unakwenda wapi. Anapiga, kisha anatega sikio.

Tusekile, msichana wa klabu hiyo hiyo aliyekuwa akiiwania nafasi yake katika timu, alimwonea huruma.

"Baba, meza hii imenyooka. Lenga moja kwa moja."

"Mimi nilikuwa bingwa wewe hujazaliwa."

"Sikatai, baba. Ila huko stoo unasikiliza nini?"

Lutengano akapiga tena, akatega sikio.

Siku ya kuchagua timu, ukumbi ulijaa tangu saa nne asubuhi. Ilibaki nafasi moja, na wa kuigombea walikuwa hao wawili. Mezani ulibaki mpira mweusi tu; atakayeuingiza ndiye anayechukua nafasi.

"Kona ya kushoto," akasema Lutengano, akalenga kidole kimoja kulia kama kawaida yake.

Mpira uligonga ukingo, ukasimama mbele ya shimo. Kule stoo kukasikika, ko! Safari hii watu wote walisikia. Kisha yakafuata makofi, makofi ya umati mzima, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

Lutengano alilaza fimbo, akaugeukia ule mlango, akainua mikono huku machozi yakimtoka.

"Mmesikia?" akasema. "Nimeshinda!"

Tusekile alitaja shimo, akaugusa ule mpira mweusi, ukaingia. Jina la Lutengano likakatwa kwenye orodha ya timu, na yeye hata hakugeuka kutazama. Binti akamwendea, akamshika mkono.

"Ndiyo, baba," akamwambia akilia. "Umeshinda. Lakini umeshinda jana."

Basi wanangu, msiicheke tena. Apigaye kwa mkono wa jana hushinda jana.