Kipimo Kilichosoma Sifuri

Alikuwepo mhandisi mmoja, Sengondo, mwenye shahada tatu kutoka nchi tatu na kipara kimoja cha hapa hapa. Kwa miaka kumi na moja alitunza kifaa kimoja tu, kilichofungwa kwenye chombo cha angani kinachoelekea sayari kubwa ya mbali. Kazi ya kifaa hicho ni kuhesabu chembe za mionzi zinazokigonga kila sekunde. Zikizidi, chombo kinaungua.

Asubuhi moja hesabu zikapanda. Elfu tano. Elfu kumi na mbili. Elfu thelathini. Kisha sifuri.

Wenzake wakapiga makofi.

"Njia nyeupe," akasema Dokta Nyamizi, mkuu wa kituo. "Saa sita tunatuma amri, chombo kiisogelee sayari zaidi."

"Lakini mkuu, elfu thelathini hadi sifuri, mara moja tu?"

"Sengondo, kifaa si chako? Kimeharibika?"

Akakikagua. Kizima. Akapiga hesabu mara tatu, akapata majibu manne. Zilipobaki dakika arobaini, akafanya alichofanya kila alipokwama katika nchi zote tatu: akaenda kunywa chai.

Kantini ilifurika. Mama Siwema, ambaye humjibu kila mteja kwa utani, alisimama kimya, upawa mkononi, watu thelathini wakimwita kwa pamoja.

"Mama Siwema leo kapoa, hana kazi," mmoja akacheka.

"Sijamaliza kumsikia huyu, kumi wameshaita," akasema taratibu. "Sasa nimjibu nani?"

Sengondo akaacha foleni, akakimbilia maabara, kwenye kifaa pacha cha kile kilichoko angani. Akakisogezea jiwe lenye mionzi kwa koleo. Tik, tik. Akasogeza zaidi, kikalia kama mvua juu ya bati. Akaligusisha kabisa.

Kimya. Sifuri.

Amri ilifutwa zikiwa zimebaki dakika nne.

"Kwa hiyo pale penye sifuri..." Dokta Nyamizi akaanza.

"Ndipo pakali kuliko pote, mkuu. Chembe zilikuwa nyingi mno, kikashindwa kuhesabu hata moja."

"Nani kakwambia?"

"Mama Siwema."

"Ana shahada gani?"

"Sikumuuliza. Nilimwona amezidiwa, nikamwacha vile vile."

Akarudi kantini, akakunja mikono ya shati, akaosha vikombe. Alivunja viwili tu.

Funzo: Aliyekuwa msemaji akinyamaza ghafla, usiseme ametulia, huenda yamemzidi. Ujumbe huu usinirudishie mimi, mpelekee yule aliyekuwa kimya siku hizi, tena ikiwezekana upeleke kwa miguu.