Kaburi Lisilo na Maiti

Wametuachia maneno haya waliotutangulia, Mola awatie nuru makaburini mwao, kwamba katika mji mmoja wa zamani ulioitwa Ukutani aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Mwanaate. Hakuwa tajiri, na fukara pia hakuwa. Alikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe, imesimama ukingoni mwa njia inayotoka lango la kaskazini kwenda mashamba, na humo ndimo alimosomesha watoto wa kike Kurani kwa miaka ishirini. Mjini alijulikana kwa jambo moja: ulimi wake haukuwahi kukamatwa na uongo. Watu wakibishana sokoni hata wakakaribia kushikana mashati, mmoja husema, "Basi twende kwa Mwanaate," na ubishi huishia hapo.

Lakini mcha Mungu naye ni mtu, na ana wifi.

Wifi huyo ni Shumbana, dada wa marehemu mumewe. Nyumba zao zilitazamana, njia tu katikati. Ugomvi wao ulianza siku ya khitma ya arobaini ya marehemu, Shumbana alipofunua sufuria mbele ya wageni, akabonyeza punje ya wali kwa vidole viwili, akasema kaka yake amesomewa kwa wali wenye kiini, haukuiva. Hilo tu, hakuna jingine. Ikapita miaka sita hawasalimiani isipokuwa msibani, na msibani kwenyewe ni kwa kuwaonea watu haya. Wakifungua madirisha kwa wakati mmoja, mmoja wao hulifunga lake.

Sasa, njia ile ilikuwa nyembamba. Punda wawili wenye mizigo hawakupishana, na msimu wa mahujaji kulikuwa na msongamano wa kuua. Mwaka mmoja mzee aliyekuwa akirudi kutoka Maka, ameshika mlango wa mji wake kabisa, alibanwa ukutani na punda wa chumvi akafa pale pale. Sultani alipopata habari aliona uchungu, akaamuru njia ipanuliwe iwe dhiraa ishirini toka langoni hadi kisimani. Nyumba zitakazoguswa zitavunjwa, na kila mwenyewe atapewa kiwanja nje ya lango na fidia ya kujengea.

Wakaja wapimaji na kamba na ndoo ya chokaa, mkuu wao akiitwa Bwana Twahiri. Kamba ikivuka nyumba, ukuta unapigwa alama nyeupe, na mwenye nyumba anajua. Bwana Twahiri akatangaza mambo mawili. La kwanza, kaburi la Muislamu halitakanyagwa, na palipo na kaburi upande mmoja, kamba itasogea upande wa pili. La pili, atakayewadanganya wapimaji atakula bakora arobaini.

Upande wa Mwanaate ndio uliopigwa chokaa. Alitoka nje akaiwekea mkono alama ile, ikamchafua kiganja. Chumba cha mbele ndicho alichofia mumewe. Cha kati ndicho walichokaa wanafunzi wake. Alisema alhamdulillahi, akaingia ndani.

Alikuwa na mdogo wake, Famau, fundi mwashi, mtu wa mikono mizuri na haraka nyingi. Famau alimpenda dada yake kuliko alivyojipenda mwenyewe, maana ndiye aliyemlea. Ijumaa ile Mwanaate alikwenda kumwangalia mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Aliporudi alasiri alikuta kwenye kiwanja kidogo mbele ya nyumba yake pana tuta la udongo, refu la dhiraa moja na nusu, jiwe kichwani, jiwe miguuni, na shina la rehani limepandwa katikati, limemwagiwa maji. Famau ananawa mikono.

"Famau, nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada. Nyumba ndiyo imepona."

Akamweleza. Amekwisha kumwambia Bwana Twahiri kwamba hapo amezikwa mtoto wa kwanza wa dada yake, mimba iliyotoka ya miezi saba. Bwana Twahiri hakuuliza mara mbili, kwa kuwa nyumba ni ya Mwanaate. Kamba imehamishwa. Na kweli, Mwanaate alipogeuka aliona ng'ambo ya njia ukuta wa Shumbana una alama mbichi, chokaa bado inachuruzika.

Mwanaate akamwambia lifukuliwe saa ile ile. Famau akamwomba anyamaze tu, hakuna anayemtaka aseme uongo. Akisema kweli, bakora arobaini ni za mdogo wake. "Na isitoshe, dada, huko upande wa pili yuko nani? Si yule aliyekuaibisha na wali kwenye arobaini ya mumeo? Mimi nimechimba tu, aliyepanga ni Mungu."

Hapo Mwanaate akakaa chini kwenye kizingiti, kwa sababu alijua jambo ambalo Famau hakulijua. Miaka kumi na saba nyuma, mwaka wa ndui, malango yalifungwa na maziarani, makaburini nje ya mji, hapakufikika. Mtoto wa Shumbana, mwanamume wa siku saba, alikufa mwaka ule, akazikwa hapo hapo mbele ya nyumba yao. Aliyemwosha ni Mwanaate kwa mikono yake. Baba wa mtoto na waliomzika wote walichukuliwa na ndui hiyo hiyo kabla mwezi haujaandama. Mawe ya kaburi yalizama na mvua, na Shumbana, ambaye hakujaliwa mtoto mwingine, hakulijengea, wala hakuwa akilitaja. Akilipita alikuwa akipunguza mwendo, basi.

Mwanaate akamsimulia mdogo wake yote hayo. Famau akasema polepole, "Mtoto wa siku saba, dada. Amekwisha kuwa udongo zamani. Wewe bado unaishi, mpaka hicho kiwanja kijengwe utakwenda kulala wapi?"

Na Mwanaate, Mola amsamehe, akanyamaza.

Alinyamaza siku tatu. Siku hizo tatu njia haikukoma kupita watu. Mpagazi aliyebeba gunia alilitua, akainua mikono akasoma Fatiha, akajitwika tena akaenda zake. Wanafunzi wakija walilitolea salamu tuta lile kwa adabu kama alivyowafundisha mwenyewe. Mmoja wao, baba yake muuza manukato, alileta marashi akanyunyiza. Mwanaate aliyaona yote hayo dirishani. Alijiambia kwamba yeye hajasema neno, na asiyesema neno hajadanganya. Siku ya tatu asubuhi alitoka na mtungi kichwani, akapita kando ya tuta, na midomo yake yenyewe, bila yeye kuituma, ikasema, "Assalamu alaykum."

Mtungi ulimponyoka ukavunjika. Alikuwa amewasalimia maiti wasiokuwapo. Akatambua kuwa uongo uliojengwa nje umekwisha ingia ndani, na sasa unatumia ulimi wake kama nyumba yake.

Kumbe hakuwa peke yake mwenye kaburi jipya. Huko juu ya njia bwana mmoja aitwaye Kibwana Haji naye alijitengenezea lake, lakini kwa pupa akalilaza sambamba na ukuta wake, maiti miguu imeelekea kibla badala ya uso. Mwadhini akapita, akasimama, akauliza ni mchawi gani aliyezika namna hii. Mambo yakafika kwa Kadhi. Kadhi akakasirika mno, akaamuru makaburi yote ya kando ya njia yawe na shahidi mwadilifu, na lisilo na shahidi litasawazishwa.

Masikini Shumbana alikuwa analia tangu alama ipigwe, anamwambia kila apitaye kwamba mwanawe yuko chini ya kamba ile. Nani amsikilize? Ulimi wake ulikwisha kata watu wengi. Wakamcheka, wakamuuliza mbona kaburi lake limeota baada ya chokaa. Mwingine akamwambia amwagilie vizuri, huenda kesho likazaa mapacha.

Kadhi akaja. Wakamtandikia mkeka katikati ya njia, Bwana Twahiri na kamba yake kuume kwake, watu wamejaa mpaka juu ya vibaraza. Shumbana akaulizwa shahidi wake. Akasema waliozika wamekufa, amebaki mmoja tu aliye hai, na huyo hamsalimii. Watu wakaguna. Hakumtaja jina, wala hakutazama ng'ambo.

Ndipo Kadhi akamgeukia Mwanaate. Famau alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, ametota jasho.

"Bibi Mwanaate," Kadhi akasema, "wewe sikuapishi. Neno lako linanitosha. Aliyelala hapa ni nani?"

Mwanaate alitazama nyumba yake kwanza. Akatazama dari ya chumba cha mbele ikionekana dirishani. Kisha akamtazama Kadhi.

"Hakulala mtu, Bwana Kadhi. Ni udongo na rehani."

Kadhi akauliza nani aliyeutengeneza.

"Umetengenezwa kwa ajili ya nyumba yangu. Nilijua, nikanyamaza siku tatu, watu wakalisomea tuta tupu mbele ya macho yangu. Kama ziko bakora, zianze kwangu."

Famau hakuweza kustahimili. Akatokeza mbele, akapiga magoti, akasema dada yake hakuwapo, mikono iliyochimba ni hii, wala Kadhi asimwache mama wa watoto wa chuoni apigwe kwa kosa la fundi. Alikuwa akilia kama mtoto.

"Simama, Famau, bado sijamaliza," Mwanaate akasema. "Bwana Kadhi, kaburi lipo, lakini si hapa. Liko pale, hatua sita kutoka mlango wa wifi yangu, na kamba yenu imelivuka. Yumo mwanawe Shumbana, Bakari, aliyekufa mwaka wa ndui. Nilimwosha mimi. Alikuwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, na sanda yake niliikata kwenye ukaya wangu, ile shela ya kichwani niliyoolewa nayo, maana maduka yalikuwa yamefungwa. Mimi ndiye shahidi wake. Na mimi ndiye niliyenyamaza akichekwa."

Kadhi akasema maneno yaliyobaki mjini mpaka leo: "Tumeamrishwa kusimamia haki hata ikitukata wenyewe. Mtu aliyejikatia nyumba yake kwa ulimi wake, nani atamkataa akimshuhudia mwenzake?" Akamwashiria Bwana Twahiri. Kamba ikang'olewa upande wa Shumbana, ikavutwa kuvuka njia, ikatua tena katikati ya nyumba ya Mwanaate.

Famau, kwa kuwa alikiri mwenyewe mbele ya watu, Kadhi alimsamehe bakora. Akamhukumu alifumue tuta lile kwa mikono yake, mawe yake mawili ayatie kwenye msingi wa njia, na afanye kazi ya uashi pale bila ujira mpaka njia ifike kisimani. Alifanya, na wanasema hakuna kipande cha njia ile kilichodumu kama chake.

Na Shumbana je? Aliingia ndani, akafunga mlango.

Ikapita juma. Siku ya kuvunja ikafika, mafundi wamekuja na mitaimbo. Walimkuta Mwanaate amekwisha kutoa vyombo vyake nje, misahafu imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na yeye mwenyewe yumo ndani ameinama, anafagia. Anafagia chumba cha mbele, anakwangua pembeni kwenye tandabui, anatoa majivu jikoni. Mafundi wakatazamana. Kijana mmoja wao akacheka, akasema, "Mama, nyumba inavunjwa sasa hivi, unamfagilia nani?"

"Wapita njia," akajibu, wala hakusimamisha ufagio. "Hii hainyang'anywi, mwanangu. Naitoa. Na kitu cha kutoa hutolewa safi."

Yule kijana akaweka mtaimbo chini. Wakasubiri.

Wakiwa wamesimama hivyo, mlango wa ng'ambo ulifunguliwa. Shumbana akavuka njia na ufagio wake mkononi. Hakutoa salamu, hakuomba radhi. Aliingia moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akaanza kufagia kuja mbele. Wakakutana chumba cha kati, vumbi limewajaa nyusi.

"Kitanda chako nimekwisha kukitandika kwangu," Shumbana akasema. "Watoto waje kusomea barazani, pana nafasi."

"Basi shika huo mwisho wa jamvi, wifi, tulikung'ute."

Wakalishika, mmoja huku na mmoja huku, wakatoka nalo, na mafundi wakaingia.

Basi ndugu zetu, mtu akiletewa kamba mlangoni asidhani kinachopimwa ni ukuta peke yake. Nyumba ya Mwanaate haiko tena, wanapita juu yake mahujaji na wauza chumvi, na kila aendaye salama anakanyaga sadaka yake asijue. Mola atujaalie ulimi usiotuaibisha siku ya kupimwa, na atupe ujasiri wa kutoa kwa mkono wetu kile ambacho kingetutoka hata hivyo. Amin.