Moshi wa Korongo

Wewe hapo, unayecheka kabla sijaanza: ukifagia nyumba, takataka unazitupa wapi? Jalalani, au chini ya mkeka? Usinijibu. Sikiliza kwanza.

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na bonde.
— Likawa la nani?
La wote waliolilima!

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege waliishi katika bonde moja lenye baridi, wakalima nyanya. Nyanya nyekundu, za kula mbichi kwa chumvi. Kila mmoja alikuwa na bustani yake, imepakana na ya mwenzake.

Nao walikuwa na desturi. Mavuno yakiisha na kipupwe kikiingia, hawakulala. Waling'oa mashina ya zamani, wakaokota kila jani lenye madoa, wakachoma. Kisha wakaosha majembe na fito kwa maji ya majivu. Kwa nini? Kwa sababu bakajani, ule ugonjwa wa madoa, haufi kwa baridi. Hujilaza ndani ya majani mabovu ukingoja mvua.

Siku ya kuchoma iliitwa Siku ya Moshi. Mzee Nyati, mkuu wa bonde, alisimama kilimani akitazama. Palipofuka moshi alisema, "Hapo pasafi." Basi. Kushuka kukagua, miguu ilimuuma.

Sasa alikuwapo Bwana Korongo. Mnamjua: shingo ndefu, miguu mirefu, taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Aliinama mara moja kuokota jani bovu, akaona tope kwenye ukucha.

"Mimi? Na taji hili?"

Akayalaza mashina mabovu chini, akayafunika kwa nyasi kavu, akazipanga vizuri kama jamvi la harusi. Pembeni akarundika nyasi mbichi, akaziwasha. Nyasi mbichi mnazijua: moto kidogo, moshi bonde zima! Akacheza akiimba:

Moshi wangu, panda, panda,
Panda juu wakuone!
— Wakuone!

Mzee Nyati akakohoa kule kilimani. "Loo! Huyo ndiye mkulima!"

Jirani yake, Bi Kanga, alikuwa na vifaranga wengi na moshi kidogo, maana majani yake makavu yaliwaka yakaisha. Hakuna aliyemsifu. Hata hivyo hakuwa na nafasi ya kusifiwa. Alikuwa anaosha fito.

Vuli ikaja, nyanya zikapandwa, zikastawi. Mvua ya kwanza, doa la kahawia likatokea kwa Korongo. Akalichuma jani, akalimeza. Mvua ya pili, madoa yakaruka hadi kwa Bi Kanga. Mvua ya tatu, yakaenea bonde zima.

Wakakutana. Mzee Nyati akauliza, "Nani katuletea madoa?"

Ngiri akamtazama Bi Kanga kuanzia shingoni hadi mkiani. "Jamani, mbona jibu limesimama mbele yetu? Mwenye madoa hapa ni nani?"

"Na moshi wake ulikuwa kiduchu!" akadakia Korongo. "Wangu mliuona."

"Tuliuona!"

"Kaka Ngiri," akasema Bi Kanga, "madoa yangu nimezaliwa nayo. Kama yangekuwa yanaambukiza, wewe unayekuja kwangu kila siku kuomba chumvi ungekuwa na madoa hadi kwenye meno."

Wakacheka, lakini hawakumwachia. "Kaoge," akasema Mzee Nyati. "Yasipotoka kabla ya mvua ijayo, utahama na wanao."

Akaoga kwa majivu, yakabaki. Akaoga kwa mchanga, yakang'aa. Akaoga kwa ndimu, yakapendeza kuliko jana.

"Mama, tunahamia wapi?" wakauliza vifaranga.

"Hatuendi popote. Tuna madoa, lakini kucha pia tunazo."

Na kanga hapiti penye nyasi asichakure, ndivyo alivyoumbwa. Alipokuwa akichakura mpakani mwa Korongo, ukucha wake ukanasa kitu cheusi kinachonuka. Shina la nyanya la msimu uliopita! Bi Kanga hakupiga kelele. Wangesema kaliweka yeye. Akalifukia, akaenda kilimani.

"Shikamoo, Mzee. Nitahama. Ila kwanza nina neno. Moshi wa Bwana Korongo ulitushinda sote, basi nyasi zake ndizo safi kuliko zote. Tuzichukue tufunike miche yetu ipone. Na haki ianze na mwenyewe: tuanze na kitalu chake."

"Neno jema!"

Korongo alikuwa na kitalu cha miche mipya nyuma ya nyumba. Aliipenda kuliko taji lake. Miche hiyo ikifa, hana cha kupanda, hana cha kula. Wanyama wakaja na matenga, wakiimba:

Moshi wako, panda, panda,
Panda juu tukuone!
— Tukuone!

Ngiri akazoa kumbatio zima. "Mbona nzito? Nyasi zako zina mifupa, Bwana Korongo?"

"Msijisumbue, majirani!"

"Hatusumbuki!"

"Miche yangu haijazoea nyasi."

"Itazoea, ni nyasi zako!"

"Kuna... kuna nge humo!"

"Nge ni kitoweo changu," akasema Bi Kanga. "Mwaga, kaka Ngiri."

Ngiri akainua mikono juu ya miche.

"Usimwage!" Korongo akajitupa juu ya kitalu, taji likazama kwenye tope. "Yameoza! Utaiua miche yangu!"

"Yameoza nini?" akauliza Mzee Nyati.

Korongo akainuka, taji likidondosha tope.

"Mashina ya msimu uliopita," akasema Korongo. "Sikuyachoma. Niliyaficha chini ya nyasi, nikawasha nyasi mbichi ili mwone moshi. Madoa hayakutoka kwa Bi Kanga. Yametoka kwangu."

Basi, wanangu: moshi si usafi. Ugonjwa unaofunikwa kipupwe huamka na mvua, na hauamkii kwa aliyeufunika peke yake.

Hadithi yangu nimeichoma ikawa majivu. Atakaye, akaoshee jembe.