Kwa Nini Bweha Dume Hushinda Shimoni na Watoto

Sogeeni huku kivulini, foleni ya josho bado ndefu na ng'ombe hawatakimbia. Nimewasikia mkimcheka yule bweha masikio tuliyempita asubuhi, eti dume zima linashinda shimoni likilea watoto huku mke yuko matembezini. Chekeni tu. Mngejua alichokifanya, mngeinamisha vichwa. Mimi Mbeleje ninainamisha changu, maana niliwahi kumwingiza ndama mwenye kupe kwenye zizi la shemeji yangu nikajifanya sijaona. Haya, sikilizeni.

Zamani hizo, kabla mbuga hazijajua kwato za ng'ombe wetu, masikio ya Bweha yalining'inia kama ya mbuzi. Alikuwa na manyoya ya kupendeza, na mwenyewe alijua. Wanyama walikuwa na desturi yao: kila jioni walikutana kichuguuni, wakajilaza, na Mama Kanga akapita akiwadonoa kupe mmoja mmoja. Hakuna aliyeona haya. Hata Nyati, na ukubwa wake wote, alijigeuza akachunguzwa kwapani.

Siku moja Bweha alitoka ngomani, ng'ambo ya mbuga. Alikuwa amepita kwenye majani marefu na kupe wamemjaa ndani ya masikio. Aliwahisi, lakini wote walizoea kumsifu kwa usafi wake. Kanga alipomfikia akamwambia, "Bwana Bweha, leo leta na masikio."

Bweha akacheka. "Mimi na kupe wapi na wapi, mama? Hebu watazame hao wenye matope."

Kanga hakutaka kumvunjia mtu heshima mbele za watu, akapita. Hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Bweha akarudi shimoni kwa mkewe na watoto wao wanne, akalala nao kifuani. Wiki haikuisha, kitinda mimba wao, Chiku, akashikwa na homa. Hakunyonya, ufizi ukawa mweupe, mkojo ukatoka mwekundu. Majirani walikuja kutoa pole, wakauliza kupe wameingiaje humo ndani. Baba mtu alijua. Lakini akasema, "Muulizeni Kanga. Si ndiye anayezunguka na kupe mdomoni?"

Lo! Mtu mzima kusema maneno hayo. Wakamfukuza Kanga kwa mawe, mama wa watu, bila hata kumsikiliza. Na alipoondoka, hakubaki mwenye mdomo wa kumchambua Chiku. Mama Bweha alijitahidi kwa meno, lakini kila akiwatoa, kesho yake wapo wengine. Bweha alimtazama mkewe akihangaika, naye akijua fika wanatoka wapi. Bado alinyamaza. Aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa kufiwa.

Alfajiri ya siku ya tano Chiku alikata roho. Mama Bweha hakutaka kuwaamsha wale watatu, akainua sikio la mumewe ili amnong'oneze. Akawaona. Kupe wamevimba kama kunde zilizolowekwa, wamejipanga hadi ndani kabisa. Hakupiga kelele, wala hakumtukana. Alilirudisha sikio taratibu, akatoka, akaenda kutafuta mchwa wa kuwalisha waliobaki.

Afadhali angemtukana, jamani.

Siku ile ile, mchana kweupe, Bweha alikwenda kichuguuni, akayasimamisha masikio yake kwa nguvu zake zote mbele ya wanyama. "Kagueni," akasema. "Ni mimi. Kanga hana kosa." Walimkagua mmoja baada ya mwingine. Kanga alipoitwa alikuja, akamtoa kupe wote bila kumtazama usoni.

Na tangu siku hiyo masikio ya bweha hayajalala tena. Yako wazi kwa yeyote anayetaka kuchungulia ndani. Mama hutoka kutafuta mchwa, na dume hubaki shimoni na watoto, anawalamba, anawachambua manyoya, anarudia. Watoto huchoka, humwambia, "Baba, basi, hakuna kupe."

Naye huwajibu, "Tulia, mwanangu. Hebu nitazame tena."