Chungu cha Uvunguni kwa Fisi

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, meko na majirani kama sisi, aliishi Bwana Nyati na mkewe na binti yao, Sikudhani. Sogeeni karibu, maana mambo haya yalitokea mvua za kwanza zilipoanza na kila nyumba ikawa mbioni kupanda. Yeyote ambaye angechelewa, mwaka ule angelala njaa.

Siku hizo ndipo Fisi alipopita na mkokoteni wake, kengele ikilia kiling'i, kiling'i.

“Unga wa Radi!” aliita. “Koroga na maji baridi, unywe, upate nguvu za radi. Hakuna kuni, hakuna kupika!”

Pakiti zilimetameta. Kila moja ilikuwa na picha ya simba anapasua mwamba kwa ngumi. Bwana Nyati aliitazama picha ile, akaona kama shamba lake lote limekwisha kulimwa.

“Mke wangu,” alisema, “zima jiko. Kuanzia leo hakuna kunde, hakuna mchicha, wala ugali wa mtama. Tunakunywa radi.”

“Baba Sikudhani, umeuliza kilichomo?”

“Kwani wewe huoni simba?”

Basi jiko likazimwa. Asubuhi Sikudhani alikunywa bakuli zima, akatoka mbio kuizunguka nyumba, vumbi timtim, huku akicheka peke yake. Baba yake alifurahi sana. Lakini jua halijapanda vizuri, binti alikuwa amekaa kwenye tuta, jembe mapajani, mikono inamtetemeka. Siku zilivyokwenda, meno yakaanza kumuuma. Bwana Nyati naye akawa anasinzia huku ameegemea mpini, koroo, koroo. Na kila alipozinduka, aliagiza pakiti nyingine.

Nyuma ya nyumba yao, kwenye mkwaju, aliishi Kindi. Alikuwa mdogo, mwepesi, na Sikudhani alimwita shangazi. Alipomwona binti ameanguka na ndoo ya maji, puu, chini kama gunia, alishuka mbio. Akachovya kidole kwenye ule unga, akalamba.

“Bwana Nyati, hii ni sukari na rangi. Mtoto anahitaji chakula.”

“Kindi, wewe upepo ukivuma unakubeba. Leo utanifundisha mimi habari za nguvu?”

Kindi hakubishana. Alimsaidia Sikudhani kuinuka, kisha akapanda mti, akaruka tawi kwa tawi, pa, pa, pa, mpaka juu ya paa la Fisi. Alitaka kujua jambo moja tu: muuza radi mwenyewe anakula nini?

Ilikuwa mchana. Harufu ya kunde za nazi ilimpanda puani. Alichungulia kwenye tundu la paa, akaiona familia ya Fisi imezunguka sinia: ugali wa mtama, kunde, mchicha, na papai limekatwa vizuri pembeni. Unga wa Radi haukuonekana popote.

Kesho yake Kindi alirudi kwa Bwana Nyati, kichwa amekiinamisha.

“Nimeshindwa, jirani. Bwana Fisi anakukaribisha kwake mchana huu, uone nyumba yake inavyounywa huo unga. Mchukue na jirani yetu Mzee Tembo, naye anataka kununua.”

“Umeona sasa!” alisema Bwana Nyati, tayari anatafuta kofia yake.

Kindi akatangulia kwa njia ya juu, akamkuta Fisi ndiyo kwanza ananawa mikono.

“Bwana Fisi, bahati imekujia. Nyati na Tembo wanautaka mzigo wako wote. Ila wanasema watakuamini wakikuta watoto wako nao wanaunywa. Wako njiani.”

“Njiani wapi?”

“Sikiliza.”

Ndu, ndu, ndu. Ardhi ilitikisika. Fisi alirukaruka kama aliyekanyaga makaa. Chungu alikisukumia uvunguni mwa kitanda, sinia nyuma ya mlango, akakoroga unga, kila mtoto akamshikisha bakuli.

“Karibuni, karibuni,” alisema, jasho linamtiririka. “Mmetukuta tunapata radi yetu.”

Wageni wakakaa. Watoto wakatazama mabakuli. Hakuna aliyekunywa.

“Kunyweni, wanangu,” Fisi alisema huku ameuma meno.

Mama yake Fisi, mzee asiyejua kunong'ona, alinusa bakuli lake, akaliweka chini.

“Mwanangu, si ulitukataza kuugusa huu? Si ulisema unaozesha meno, ni wa kuwauzia wapenda picha?”

Wageni wakatega sikio. Kutoka uvunguni, kunde zilikuwa bado zinatokota polepole, bwata, bwata. Mzee Tembo alinyoosha mkonga, akakivuta chungu nje.

Bwana Nyati alikitazama, halafu akamsogezea Fisi bakuli.

“Kunywa wewe.”

Fisi aliangalia bakuli, akaangalia mlango, akachomoka chwii, mkokoteni akauacha pale pale.

Bwana Nyati alirudi nyumbani. Alipasua kuni mwenyewe, akapiga magoti, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka. “Mama Sikudhani,” alisema, “kunde zimebaki?”

“Zimebaki.”

Sikudhani alikula, akalala, akala tena. Haikuwa siku moja, lakini mikono iliacha kutetemeka, na wote watatu wakashika majembe. Walipanda mbegu ya mwisho mvua ikiwa bado inanyesha, na Kindi juu ya mkwaju akiwahesabia matuta kwa sauti.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, ninyi chukueni hili mwende nalo: usile kwa picha; uliza kilichomo, na muuzaji mwenyewe anakula nini.