Betri Haipimwi kwa Honi

Betri haipimwi kwa honi. Methali hii ilianza hivi, na kaeni vizuri, maana wengi huisimulia vibaya. Leo mmemsikia mwenyekiti akimrushia maneno haya yule kijana aliyepayuka kuliko wote mkutanoni, mkacheka bila kujua mnacheka nini. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa ndani ya gari lenyewe.

Enzi hizo, hapa Rungwe, kijiji chetu kilikuwa na gari moja tu, pikapu ya Ambakisye. Kijana mwenyewe alikuwa mchapakazi na mcheshi, lakini kwa majivuno, Mungu anisamehe, hakuwa na mfano. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari alibonyeza honi. Ikilia kwa nguvu, husema, "Betri nzima!" Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na kuku wa majirani walikuwa mashahidi.

Akamchumbia Sekela, binti wa kaka yangu Andongwisye. Sekela alimpenda kweli. Kaka yangu hakumpenda hata kidogo. "Mtu wa kelele huyo," alisema. Tulimbembeleza mpaka akakubali, ila akaweka sharti: siku ya harusi, kengele ya pili ya kanisa ikilia bibi harusi hajafika, anamrudisha binti yake nyumbani na uchumba umekwisha. Na kaka yangu akisema amesema.

Wiki ile ilikuwa ya baridi, baridi yetu ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa. Gari likawa linawaka kwa shida. Ufunguo ukizungushwa, injini ilikuwa ikiguna kama mzee anayeamshwa usingizini, na taa za mbele zikififia. Fundi Lwitiko aliliona, akamwita Ambakisye.

"Niletee hiyo betri niiangalie. Maji yamepungua, na vichwa vyake vimeota unga mweupe. Tena nataka niipime injini ikizungushwa, siyo gari likiwa limelala."

Ambakisye akabonyeza honi. Piii! "Sikia mwenyewe, fundi. Hii ni betri ya kuugua?"

"Honi inakunywa kijiko, bwana. Stata inakunywa ndoo."

"Basi na ndoo ipo!" akajibu, akaenda zake kunyoa ndevu.

Siku ya harusi alikuja kumchukua Sekela yeye mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na usukani wake. Karibu watu wote walikwisha kutangulia kwa miguu, kanisa likiwa ng'ambo ya bonde. Ndani ya gari tulikuwa watatu: bwana harusi, bibi harusi, na mimi shangazi mtu. Tulipofika njiapanda, chini ya nyumba ya Mzee Mwaisumo, baba yake Ambakisye, bwana harusi akasimamisha gari na kuzima injini. Eti honi isikike vizuri, baba ajue mwanawe anaoa! Akaipiga mpaka ndege wakahama miti. Kisha akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk.

Ng'ambo, kengele ya kwanza ikalia.

"Ni stata tu hiyo," akasema, jasho likimtoka kwenye baridi. "Betri nzima, si mmeisikia honi?"

"Nimeisikia, Ambakisye," Sekela akasema. "Kijiji kizima kimeisikia. Sasa nataka kusikia injini." Machozi yalikuwa yamemlenga. Roho iliniuma, jamani, maana nilijua kaka yangu amesimama pale mlangoni mwa kanisa akisubiri kutimiza neno lake.

Nikashuka kusukuma. Peke yangu gari halikutikisika hata kidogo. Ndipo Mzee Mwaisumo, aliyekuwa bado hajaondoka kwenda kanisani, akatokea akiwa amevaa suti, akatuona, akageuka mbio na kujificha kwenye mibuni. Msimcheke. Kwetu zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawakutazamana usoni. Walikwepana njiani, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima.

"Mzee, njoo tusukume!" nikamwita.

"Nitasukumaje, shangazi, na mkwe yumo humo?"

"Ukiendelea kukaa huko, hutakuwa na mkwe wa kumkwepa!"

Kisha mibuni ikasema, "Una kitambaa?"

Nikavua kitenge changu cha mabegani, nikamfunga macho nikakaza, nikamshika mkono hadi nyuma ya pikapu. Sekela akainama kwenye kiti na kujifunika shela. Tukasukuma. Gari likaanza kujivuta, likafika kwenye mteremko, likakohoa, likawaka! Mimi nikaruka pembeni. Mzee wa watu, asiyeona kitu, aliendelea kusukuma hewa, akaanguka kifudifudi kwenye tope na suti yake.

Ambakisye, kwa furaha, akabonyeza honi. Piii!

Mzee akainua kichwa, kitenge bado machoni, akapaza sauti: "Nyamaza wewe! Betri haipimwi kwa honi!"

Nikadandia gari. Tulifika mpiga kengele akiwa ameshika kamba tayari. Kaka yangu akanitazama nilivyotapakaa tope mpaka magotini, akauliza kulikoni. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaegemea ukuta, akamshika Ambakisye mkono na kumwingiza kanisani mwenyewe. Jioni, kwenye ngoma, hakuna aliyeimba wimbo bila kuingiza maneno ya Mzee Mwaisumo. Na baada ya harusi, Ambakisye aliibeba ile betri begani hadi kwa Lwitiko, kimya kama aliyemwagiwa maji.

Basi, wajukuu zangu, kazi nyepesi haimjulishi mtu. Hata aliyechoka huweza kupiga kelele. Mkitaka kumjua mchumba, au kiongozi, au rafiki, msikae mkisikiliza sauti yake; mtazameni asubuhi ya baridi, mzigo ukiwa mzito na kengele inalia. Betri haipimwi kwa honi.