Mlango Unaoitika Hodi

Paukwa!

Pakawa gani hiyo ya kunung'unika? Na wewe pale umeshabetua mdomo kabla sijasema kitu. Kama huamini kwamba mlango husema, nenda kalale. Wa kwenu unakusema kila siku, hujui tu.

Haya. Hapo zamani za kale, kijiji kimoja hakikuwa na bomba wala kisima. Maji yalikuwa msituni, kwenye chemchemi iliyolindwa na mvule. Mwanamke akifika hupiga hodi, nao mvule humwitikia: "Karibu, niache kulia, shuka." Naye huuacha mkono wa kulia, akashuka hadi majini. Asiyeitikiwa hateki.

Siku hiyo Nyanzobe alikwenda mbio. Binti yake Milembe alikuwa amejifungua, na kichanga hakijaogeshwa. Akafika, akakuta kweupe.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi."

Tumbili aliyekaa kwenye kisiki akasema, "Bibi, wenye misumeno wamepita. Hata mimi natafuta kitanda changu."

"Chemchemi iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilikuwa naifikia kwa juu, kwa matawi."

Akarudi na ndoo tupu. Nyumbani akakuta mlango mpya, mpana, unanukia, ambao hakuuacha pale.

"Hodi."

"Karibu, niache kulia, shuka," mlango ukaitika.

Sauti anaijua. Akauacha kulia, akashuka, akaingia banda la mbuzi. Akarudi, akapiga hodi, akaitikiwa vilevile, akashuka, mbuzi walewale. Mara ya tatu mbuzi wakamwuliza, "Mama, umepoteza nini?"

"Sijui. Maji, au akili."

Mumewe, Lugembe, akatoka nje akijipapasa tumbo. "Mama Milembe, umeuona mlango? Zawadi ya wale wenye misumeno. Nami niliwaonyesha njia tu."

"Njia ya wapi?"

"Ya kwenye mvule."

Ndani kichanga kikalia. Nyanzobe akautazama mlango, akamtazama mume, akautazama tena mlango. Akaingia, mume nyuma yake.

"Milembe, mbebe mwanao. Tunakwenda kwa mjomba wako, kule mtoni."

"Na mimi je?" akauliza Lugembe. "Nitakunywa nini?"

"Piga hodi, Baba Milembe. Utaelekezwa."

Akamtanguliza binti, akatoka, akaufunga mlango na kutia komeo kwa nje. Lugembe akaanza kupiga hodi, na mlango ukaanza kumwitikia.

Hadithi yangu imekomewa hapo.